Mkanda wa Tano

Jacksonville, Jumamosi, 9 Januari 1915

Daftari hili limekaa sandukuni miaka miwili na miezi minne bila neno jipya, na kosa ni langu. Niliacha kuandika siku niliyostaafu ualimu wa shule ya viziwi, kwa kudhani kwamba mtu asiye na darasa hana la kuandika. Ninaomba radhi, ingawa msomaji wa daftari hili ni mimi peke yangu. Sasa nina kazi tena, nikiwa na miaka sabini na moja, na ni kazi ambayo ningeona haya kuwaeleza walimu wenzangu wa zamani.

Nimeajiriwa na kampuni ya picha za sinema ya Bwana Lathrop wa New York. Kampuni hiyo huja huku Florida kila majira ya baridi kufuata jua. Kazi yangu ni kusoma midomo ya waigizaji. Mwaka jana walitoa picha ambamo kijana anampigia magoti mpenzi wake, na maandishi kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha yalisema kwamba anampa moyo wake. Viziwi waliokuwa ukumbini katika mji mmoja wa Ohio waliona anayoyasema hasa. Alikuwa akimwambia binti huyo kwamba ananuka vitunguu, kwamba goti linamuuma, na kisha akatukana kwa neno ambalo sitaliandika. Chama chao kiliandika barua. Kumbi za miji miwili zikaikataa picha, na magazeti yakacheka.

Wanaosikia hudhani kwamba picha isiyo na sauti haina maneno.

Kwa hiyo picha mpya ya Bwana Lathrop, yenye mikanda mitano, haitapokelewa bila hati tano zenye saini yangu. Kila hati inasema: maneno yote yaliyosemwa katika mkanda huu ninayajua, na hakuna linaloweza kumwaibisha mtu wa heshima. Aliyeandika hadithi, anayeiongoza na anayeiigiza ni mtu mmoja, Orrin Fassett. Ameahidiwa kwamba mikanda na hati vikifika New York kabla ya tarehe mosi Machi, jina lake litawekwa mbele ya picha na atapewa mkataba wa miaka mitatu. Visipofika, atarudi kuanguka kutoka juu ya farasi kwa ujira wa kutwa.

Jumatatu, 11 Januari

Uwanja wa kazi uko ng'ambo ya mto. Ni sakafu ya mbao isiyo na paa, imetandazwa vitambaa vyeupe juu ili jua lisichome. Nyumba zao za kuigizia zina kuta tatu, ili kamera ione ndani. Waigizaji wamepakwa rangi ya manjano usoni kama wagonjwa wa ini, kwa sababu kamera huona wekundu kuwa weusi.

Bwana Fassett alinipokea akiwa amekunja mikono ya shati, anatafuna kijiti.

"Karibu, Mwalimu. Kiti chako kile pale, kigumu. Mama kasema ukipewa cha kulalia utatununia kutwa."

"Mama yako ni nani?"

"Delphine Fassett. Enzi zako alikuwa Delphine Roe. Mimi nilitaka mtu wa kusoma midomo, yeye akanambia nchi nzima hakuna anayekufikia."

Nilimkumbuka darasani kwangu. Alikuwa na matamshi mazuri na kichwa kigumu. Sikutarajia sifa kutoka kwake. Nilimwambia kijana atoe kijiti mdomoni anapozungumza na mtu mzima. Alikitoa. Nilipogeuka alikirudisha.

Jumanne, 12 Januari

Siku ya kwanza ya picha. Adui wa hadithi anachezwa na Bwana Quigg, mtu mnene mwenye sauti nzuri isiyo na kazi hapa. Katika tukio la leo anamtishia mjane kwamba atamfukuza nyumbani. Nilisoma midomo yake na kuandika neno kwa neno, kisha nikainua mkono.

"Bwana Quigg, umemwambia mjane kwamba samaki wa jana walikuwa na mifupa mingi."

"Kwani uongo, Mwalimu? Nusura nife."

"Sema maneno ya mtu anayetaka nyumba."

"Nikisema nyumba, nikisema samaki, uso si uleule?"

"Rudia, tuone."

Alirudia akidai nyumba, na uso haukuwa uleule. Bwana Fassett alikuwa amesimama pembeni ya kamera, akinitazama.

Alhamisi, 14 Januari

Mawingu. Hakuna picha.

Ijumaa, 15 Januari

Mawingu. Quigg amenifundisha kucheza karata. Nimemshinda.

Jumanne, 19 Januari

Jua siku tatu mfululizo. Mkanda wa kwanza umekwisha, na hati yake nimeitia saini.

Nilidhani Fassett ni mchekeshaji wa sarakasi aliyepata bahati. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Aliniambia wakati wa chakula kwamba alitoroka nyumbani akiwa na miaka tisa, akaruka vichwangomba katika sarakasi, kisha mwaka 1908 akaingia kwenye picha kwa sababu walihitaji mtu wa kutupwa dirishani.

"Nimetupwa madirisha kumi na nne, Mwalimu. La kumi na tano nikamwambia mwongozaji, bwana, huyu mtu angeogopa kwanza. Akanambia, mjuaji wewe, andika mwenyewe. Nikaandika."

Leo nilimwona akiigiza mfungwa aliyetoka gerezani, anatazama mtaa wake kutoka mbali. Hakufanya kitu. Wengine hapa hupunga mikono kama wanaozama majini. Yeye alisimama tu, na kila mtu akajua kwamba anaogopa kugonga mlango. Nilimuuliza alijifunza wapi.

"Nyumbani. Baba kiziwi, mama kiziwi, sauti ya nyumba nzima mimi peke yangu. Ukimdanganya mama kwa uso anakukamata hapohapo."

Nilimwambia kwamba mama yake alifundishwa kusema kwa mdomo. Alijibu kwamba mama yake hajatoa sauti tangu atoke shuleni. Sikujua hilo.

Jumatano, 27 Januari

Mkanda wa pili umekwisha. Saini. Waigizaji sasa huja kwangu asubuhi kuuliza waseme nini. Ninawaandikia sentensi kamili. Quigg analalamika kwamba hajawahi kukariri kwa ajili ya viziwi, lakini anakariri.

Ijumaa, 29 Januari

Mvua.

Jumamosi, 30 Januari

Mvua. Bwana Lathrop ametuma telegramu kuuliza mikanda mingapi imekwisha. Fassett amejibu kwamba ni mitatu. Ni miwili na nusu. Nilimwambia kwamba huo ni uongo. Alisema kwamba ni matumaini.

Jumatano, 10 Februari

Mkanda wa nne umekwisha leo, baada ya siku tisa za jua safi. Saini zangu sasa ni nne.

Katika mkanda wa tano kumebaki tukio moja kubwa, la mwisho: mfungwa anarudi nyumbani na mama yake anafungua mlango. Mwigizaji aliyepangwa kuwa mama ameugua kifua na amerudi kaskazini. Fassett amempelekea mama yake nauli ya treni.

"Si mwigizaji," nilisema.

"Ndiyo maana."

Jumapili, 14 Februari

Delphine amefika. Ana miaka hamsini na mitatu, ana mvi na mgongo ulionyooka. Aliniinamia kidogo kichwa, kama mtu anayempita mwenzake kanisani. Nilisema naye taratibu, nikifungua mdomo vizuri kama tulivyozoea. Alinielewa kila neno. Alinijibu kwa penseli: *Safari ilikuwa nzuri. Mwalimu hajabadilika.* Kisha alizungumza na mwanawe kwa mikono, upesi sana, na wote wawili wakacheka.

Shuleni kwetu ishara zilikatazwa. Mtoto aliyeongea kwa mikono alifungwa mikono kwa utepe, ili mdomo ujifunze kazi yake. Ndivyo nilivyofundishwa kufundisha. Nimewaona zaidi ya watoto mia mbili wakitoka pale wakiweza kuagiza mkate dukani kwa sauti zao. Sikuwahi kujifunza ishara hata moja. Mwalimu aliyezijua alishukiwa kuwa anazivumilia.

Jumanne, 16 Februari

Tukio la mwisho limepigwa leo saa nne asubuhi. Ninaliandika kwa utaratibu kwa sababu nitahitaji kulikumbuka kwa utaratibu.

Mlango uliwekwa mbele ya kamera. Kiti changu kilikuwa palepale pa siku zote, nyuma kidogo ya bega la mpiga picha. Fassett alimpa mama yake maelekezo kwa ishara, na kwa ajili yetu akayasema pia kwa sauti: "Mama, mimi nitapiga magoti, mgongo kwa kamera. Wewe niambie lolote linalokuliza. Chochote."

Mpiga picha alianza kuzungusha mkono wa kamera. Fassett aligonga. Delphine alifungua mlango, akamtazama mwanawe aliyepiga magoti, kisha akainua macho akatazama juu ya kichwa chake, kuelekea kwetu. Mikono yake ikaanza. Haikuenda upesi kama juzi. Ilikwenda polepole, na kila ishara ilikamilika kabla ya nyingine kuanza, kama mtu anayesoma kwa sauti mbele ya darasa. Midomo yake haikutikisika hata mara moja. Quigg, ambaye hana kazi katika tukio hili na alikuja kutazama tu, alivua kofia. Mpiga picha alikuwa analia huku anahesabu mizunguko.

Ilipokwisha, Fassett alikaa chini kwa muda. Nilimwendea na daftari.

"Amesema nini?"

"Anamkaribisha mwanawe nyumbani."

"Kwa urefu wote ule?"

"Wazazi wana maneno mengi, Mwalimu."

Niliandika hivyo. Sikutia saini. Hati yangu inasema kwamba maneno yote ninayajua, na haya nimeambiwa tu.

Jumatano, 17 Februari

Nimekwenda chumbani kwa Delphine na daftari. Nilimwomba, kwa mdomo, athibitishe tafsiri ya mwanawe. Aliisoma, akachukua penseli, akaandika: *Si hivyo.* Kisha aliandika ukurasa mzima bila kusimama. Ninaunakili hapa.

*Nilikuwa na miaka minane. Ulinifunga mikono kwa utepe wa kijani tangu asubuhi kwa sababu niliongea na Cora Haines. Siku hiyo mama yangu alikuja. Alikuwa ametembea siku mbili. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu, mimi na yeye. Nilikuwa ninaumwa sikio na nilitaka anichukue. Sikuweza kumwambia, na wewe hukunifungua. Mama alirudi akidhani nimefurahi. Alikufa kabla ya likizo. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kigumu, kama hapo ulipokaa sasa.*

Mwanzoni mwa maneno hayo, aliandika, kulikuwa na jina langu. Nilimuuliza ni jina gani, maana sikumwona akilitaja. Aliweka penseli chini, akakutanisha vifundo vya mikono yake, kimoja juu ya kingine, akavibana.

Nimeiona ishara hiyo kwa miaka arobaini, kwenye korido, bwenini, dirishani nilipokuwa ninapita. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Delphine aliniandikia kwamba kila aliyepita mikononi mwangu ananijua kwa jina hilo, na watoto wao pia.

Utepe ninaukumbuka. Mama yake ninamkumbuka kidogo: mwanamke mrefu mwenye matope kwenye pindo la gauni. Ninakumbuka pia kwamba nilimsifia Delphine mbele yake. Nilisema ametulia siku hizi.

Alhamisi, 18 Februari

Mvua. Fassett alikuja kabla sijanywa kahawa.

"Nilikudanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekwambia ungekataa kutia saini."

"Wewe ulijua atasema hayo?"

"Sikujua. Nimepiga magoti pale namsubiri anikaribishe, naona anaongea na wewe. Nifanyeje, nimwambie mama nyamaza?"

Alikaa kitandani bila kuombwa. Sikumkemea. Alinieleza hali ilivyo. Kwenye kila mji wenye shule ya viziwi, ukumbi utajaa viziwi, na wote watasoma. Wanaosikia wataona mama anayelia. Viziwi wataniona mimi.

"Rudia tukio," nilisema.

"Nimemwomba. Kasema alichokisema kakisema, harudii mara mbili. Na akirudia kwa kuamriwa atakuwa kama Quigg na samaki wake."

"Ukilikata?"

"Utabaki mlango." Alikuwa anasugua magoti yake. "Lakini sema tu, Mwalimu. Nitakata leo hii, nimpelekee Lathrop mlango wake. Sitaki kupata jina langu kwa kuchafua lako."

Nilimwambia kwamba nimekwisha kupewa jina, na si yeye aliyelitoa. Nilimwambia pia atoke ninywe kahawa.

Ijumaa, 19 Februari

Mvua.

Jumamosi, 20 Februari

Mvua. Quigg amekuja na karata. Anajua yote, kama kila mtu hapa.

"Mwalimu, tia saini bwana. Maneno si machafu. Hati inasema machafu tu."

"Hati inasema linaloweza kumwaibisha mtu wa heshima."

"Nani huyo?"

Aligawa karata. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, "Mimi nimefanya jukwaa miaka ishirini kwa sauti, sijawahi kuona ukumbi unanyamaza vile. Na pale tulikuwa watu tisa tu."

Jumatatu, 22 Februari

Nimefikiri siku nne. Nilianza kwa kutafuta udhuru. Niliandika kwamba ndizo zilizokuwa kanuni za shule, na ni kweli. Niliandika kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ni kweli. Niliandika kwamba nilimpenda mtoto yule, na hilo pia ni kweli. Kisha nilisoma nilichoandika kama ninavyosoma insha ya mwanafunzi, nikaona kwamba hakuna sentensi hata moja inayojibu swali. Swali ni kwa nini sikumfungua mikono kwa nusu saa mama yake alipokuwa ameketi pale. Jibu ni kwamba haikunijia akilini.

Karatasi hiyo nimeichana.

Siwezi kutia saini kwamba Delphine alikuwa akimkaribisha mwanawe nyumbani. Siwezi pia kukataa kutia saini kwa sababu aliyeaibishwa ni mimi, maana siku ile sikuwa yule mtu wa heshima anayetajwa na hati. Saini yangu imetafutwa kwa kuwa watu wanaamini kwamba sifichi ninachokiona.

Nimeamua kumwandikia Bwana Lathrop tafsiri kamili, chini yake hati, na chini yake saini. Aamue mwenyewe akijua.

Jumanne, 23 Februari

Nilimpelekea Delphine tafsiri niliyokusudia kuituma. Aliisoma amesimama dirishani. Kisha alichukua penseli nyekundu, ambayo sijui aliitoa wapi, akakaa mezani.

Nilikuwa nimeandika: *mikono yangu ilizuiwa.* Alikata, akaandika: *ulinifunga.*

Nilikuwa nimeandika: *mwalimu wangu wa zamani.* Alikata, akaandika: *Mfunga-Mikono.*

Nilikuwa nimeandika kwamba mama yake alifariki *baadaye.* Alizungusha duara na kuandika pembeni: *Lini?* Nikaandika: *kabla ya likizo.*

Alinirudishia niandike upya. Nakala ya pili ilikuwa na kosa moja, nikaandika ya tatu. Nilipotia saini alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake.

Jumatano, 24 Februari

Mikanda mitano na hati tano vimeondoka kwa treni ya saa sita. Fassett alibeba sanduku mwenyewe hadi behewani. Nilimwonyesha hati ya tano kabla hajaifunga. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Atakataa, Mwalimu. Lathrop anaogopa barua kuliko moto." Nikamwambia inawezekana. Alitoa kijiti mdomoni, akakitupa relini, akanipa mkono.

Jumapili, 28 Februari

Jua. Hakuna kazi. Waigizaji wameanza kufunga masanduku.

Jumatano, 3 Machi

Hakuna jibu. Fassett amekwenda kuulizia kampuni nyingine kama wanahitaji mtu wa farasi. Wamemwambia arudi Jumatatu.

Delphine hajaondoka. Sikumuuliza kwa nini. Jana nilimwomba anifundishe mikono, na akaanza bila maneno mengi, kwa vitu vya mezani: kikombe, chungwa, kisu, maji. Ni mwalimu mkali. Vidole vyangu vina baridi yabisi na havikunji vizuri, lakini hakubali udhuru huo. Nikikosea anaishika mikono yangu na kuipanga upya, kisha ananiachia nirudie. Leo nimesema *ninataka maji* na nikapewa maji.

Ijumaa, 5 Machi

Telegramu imekuja asubuhi. Fassett aliisoma kwa sauti uwanjani, chini ya vitambaa, kisha akaisoma tena kwa mikono kwa ajili ya mama yake.

NIMEONA. TUKIO LIBAKI LOTE. JINA LA FASSETT MBELE. MKATABA UNAFUATA. MWALIMU ABAKI PICHA IJAYO. LATHROP.

Quigg alimbeba Fassett mabegani akazunguka naye mpaka wakaanguka wote wawili. Fassett alipoinuka alimwendea mama yake, na safari hii alimwambia jambo ambalo nililielewa nusu yake, nikaona kwamba haifai kusoma nusu ya pili. Niliinamisha macho.

Jumapili, 7 Machi

Picha itaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi ujao, na baadaye Ohio, katika mji ule ule wa chama kilichoandika barua. Fassett amenipa tiketi. Nitakwenda, na nitakaa mahali ambapo ninaonekana.

Delphine anaondoka kesho. Jioni, baada ya somo, nilimuuliza kwa mikono, vibaya, na kwa midomo pale mikono iliposhindwa, kama jina la mtu linaweza kubadilishwa. Aliniandikia kwamba jina halibadilishwi na mwenyewe, wala na mtu mmoja. Hukaa watu waliolitoa, wakazungumza. Wengi wao atawakuta Ohio, siku ya picha. Atawauliza. Hakuniambia atawashauri nini, na sikustahili kumuuliza.

Wakishaamua, nitaandika hapa walichoamua, hata kama ni lile lile.